Kumbukumbu za Kikao cha Kwanza

Niliambiwa niandike kumbukumbu fupi:
tarehe, mahali, waliohudhuria, yaliyoamuliwa.
Basi. Jumamosi, saa nane na dakika arobaini,
chumba cha pampu, mtambo wa maji, Kisumu,
maana ukumbi wa manispaa ulitaka malipo kwanza
na sisi tulikuwa na shilingi za chai tu.

Tulikuwa saba. Awino wa mabomba.
Makokha, katoka Mumias na grisi chini ya kucha.
Nyamweya wa barabara, aliyekaa karibu na mlango.
Chelagat wa umeme, amelowa mpaka magotini.
Mzee Jagtar, aliyezijua injini za reli
tangu zilipokuwa zikipumua moshi.
Otiato, mwanafunzi, hana kura, ana kalamu.
Na mimi, katibu, kwa kuwa nilichelewa kukataa.
Pampu ya pili ilinguruma,
tukapaza sauti kama watu wanaogombana.

Chama kilikuwa Nairobi.
Ada tuliituma kwa hawala ya posta,
jarida likaja baada ya miezi mitatu
na picha za karamu tusiyoionja.
Mwaka mmoja nilisafiri usiku kucha kwenda kuuliza swali.
Swali langu wakaliweka chini ya mengineyo,
na mengineyo yakaahirishwa, muda umekwisha.

Barua yao niliisoma kwa sauti:
tawi halitangulii shina, kifungu cha kumi na moja,
leteni kwanza sahihi ishirini.
Awino akacheka hadi akakohoa.
"Hawa hawajalima viazi vitamu.
Rando unalikata, unalichomeka tutani,
linashika mzizi lenyewe.
Nani aliwahi kuliona likingoja barua?"

Jagtar hakucheka. Alisema polepole,
kwa Kiswahili chake cha karakana:
"Boliti moja haishiki reli.
Lakini reli yote, mpaka Nakuru,
imeshikwa na boliti moja, na moja, na moja."

Kuhusu kalvati sikuandika neno.

Nyamweya aliichora peke yake, kule Nyando,
usiku, kwa taa ya chemli.
Alipohesabu mafuriko akatumia mvua ya miaka kumi
pale palipohitaji ya hamsini,
na jicho la pili la kuikagua kazi yake
lilikuwa mbali, mwendo wa siku nzima.
Mvua ya Aprili ikaisoma hesabu, ikaona kosa.
Hakufa mtu. Walikwenda ng'ombe wawili,
magunia ya mpunga,
na usingizi wa Nyamweya.

Siku ile alifungua mkoba bila kuombwa
akatandaza mchoro mpya juu ya kifuniko cha pampu.
Pembe moja tukaibana kwa spana,
nyingine kwa kikombe cha Chelagat.
Karatasi ilitetemeka kwa mngurumo wa mashine,
au kwa mkono wake, sikutaka kujua.
Tukaisoma mpaka taa zikawashwa.
Mlalo, sawa. Nondo, sawa. Zege, ongeza.
Ndipo Otiato, asiye na kura, akauliza:
"Na maji yakija na magogo, je?"

Kimya. Pampu tu.
Nyamweya akachukua kifutio.

Sahihi ishirini zilitugharimu miezi kumi na minne,
Siaya, Bungoma, Kericho, na Makokha juu ya pikipiki.
Ya mwisho ilitoka Busia, kwa mgonjwa kitandani,
imepinda kama waya uliovuliwa gamba.
Cheti kikaja, jina la mji limekosewa.
Tukakitundika hivyo hivyo, ukutani, juu ya pampu ya pili.

Halafu Nakuru wakaandika kuuliza tulianzaje.
Niliwatumia nakala safi, iliyopigwa chapa:
tarehe, mahali, waliohudhuria, yaliyoamuliwa.
Nyamweya alikuwa hai bado, nikaona haya kwa niaba yake.

Mwezi uliopita tumemzika, Nyamira.
Alikwisha kuniambia: "Katibu, iandike."
Leo nairudisha kalvati mahali pake,
ajenda ya kwanza,
pamoja na magogo yote.